Makumbusho Haramu, Ufukwe Halali?



Mwaka jana baada ya Idi tuliitwa kikao cha wazazi wa madrasa ya mtaani kwetu, hapa Nyamirambo, Kigali, ili tuamue watoto wapelekwe wapi wakati wa likizo. Pesa zilikwishapatikana na basi limeshaulizwa bei. Mama mmoja akapendekeza Huye, kwenye makumbusho. Hajamaliza, mzee mmoja wa kamati akakohoa, akasema kule ni masanamu na mambo ya kishirikina ya wafalme wa zamani, mtoto wa Kiislamu hana alichokipoteza huko. Wengine wakaitikia, shauri likakatwa: watoto waende Rubavu, ziwa Kivu, wakapunge upepo.

Wakaenda, na mimi nilikuwa miongoni mwa kina mama tuliowasindikiza. Ufukweni tulikuta spika mbili kubwa kama makabati, muziki, chupa za bia juu ya mchanga, na watu wamevaa kama watu wanavyovaa ufukweni. Watoto wetu na hijabu zao na kofia zao wakatazama kila kitu kwa makini kuliko wanavyotazama ubao wa darsa. Hakuna aliyetamka neno haramu. Mzee wetu alikuwa chini ya mti anakula brosheti ya mbuzi. (Sisemi kwa ubaya, hata mimi nilikula.)

Basi naomba kuuliza. Hicho kilichoko Huye kinachotisha kuliko hayo ni kitu gani?

Mimi nimefika. Jengo lile lilikuwa zawadi ya Ubelgiji na lilifunguliwa mwaka 1989. Lina vyumba saba. Utaona vikapu vya agaseke, vyungu, majembe, mikuki, ngoma, mavazi ya ngozi na ya magome ya mti, na namna nyumba ya msonge ilivyojengwa na ndani ilivyogawanywa. Ndiyo, ipo sehemu inayoeleza imani za zamani na matambiko. Lakini mtoto anayeelezwa jambo hilo huku mzazi wake amesimama pembeni anapotezwa vipi? Qur'ani yenyewe imetusimulia habari za Firauni, kina Aad na kina Thamud, na si mara moja imewaagiza watu watembee katika ardhi watazame yaliyowapata waliotangulia. Watu wanatazama nini, kama si athari walizoziacha? Anayeogopa kuwa mwanawe ataritadi kwa kuona mkuki ndani ya kabati la kioo, basi tatizo liko kwenye darsa lake, si kwenye kabati.

Na hiyo hoja ya masanamu, tuitazame vizuri, maana wengi wanaisema bila kufikiri. Wanazuoni wana maneno yao kuhusu picha za viumbe wenye roho, na mimi sina elimu ya kuwaingilia. Lakini iko sanaa ya nchi hii hii inayoitwa imigongo. Asili yake ni Gisaka, mashariki, upande wa Kirehe. Kina mama wanachanganya samadi ya ng'ombe na jivu, wanaipandisha juu ya ubao kwa vidole mpaka ifanye matuta, ikikauka wanaipaka rangi nyeusi, nyekundu na nyeupe. Imigongo ya asili haina mtu wala mnyama. Ni pembetatu, mistari ya kupinda, mizunguko inayoingia ndani ya mizunguko. Mtu aliyewahi kuona vigae vya misikiti ya Morocco ataielewa mara moja. Sasa ingia sebule kumi za Waislamu wa Biryogo uniambie umeiona ngapi. Utakuta saa ya plastiki yenye picha ya Kaaba iliyotengenezwa China, na bango la maporomoko ya maji ya nchi ambayo hata mwenye nyumba haijui jina.

Kuhusu filamu maneno ni yale yale: upuuzi, upotevu wa muda. Mengi ni upuuzi kweli, na ninaifunga televisheni nyumbani kwangu mara nyingi kuliko ninavyoifungua. Lakini mwaka 2011, katika tamasha la Sundance huko Marekani, filamu iitwayo Kinyarwanda ilipata tuzo ya watazamaji kwa filamu za nchi za nje. Mwongozaji wake ni Alrick Brown, mzaliwa wa Jamaika aliyekulia Marekani. Filamu ile inaeleza jinsi msikiti mkuu wa Kigali ulivyokuwa kimbilio mwaka 1994, na jinsi mufti alivyowakataza Waislamu wasishiriki mauaji. Ni habari yetu, ya mtaa huu, ya watu tunaosimama nao safu moja Ijumaa. Wamarekani wameiona. Niliwauliza vijana tisa wa madrasa yetu, mmoja tu ndiye aliyeisikia.

Na hapa niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Filamu ile imetupamba. Tulistahili sifa, alhamdulillah, lakini si kila mwenye jina la Kiislamu alitoka mwaka ule na mikono safi. Wazee wetu wanawajua waliofungua milango, na wanawajua walioifunga. Nani atakayeyasema hayo yote kwa ukamilifu? Mgeni hawezi, atachukua alichopewa. Tungekuwa na vijana waliozoea kutazama filamu nzuri, kuuliza imetengenezwaje na nani ameachwa nje, wangeshachukua kamera na kukaa na wazee hawa. Hapa nyumbani mlango uko wazi: mwaka 2005 Eric Kabera na wenzake walianzisha tamasha la filamu lililopeleka pazia la sinema hadi vijijini, juu ya vilima. Sisi tunasubiri nini? Mtu aliyekuwa na miaka arobaini mwaka 1994 leo amepita sabini. Mwaka huu peke yake tumewazika wawili mtaani kwetu.

Hasara hii naijua kwa ndani. Baba wa bibi yangu alitoka Ujiji wakati wa Wajerumani, akaja na biashara na Kiswahili chake. Baadaye, enzi za Wabelgiji, Waislamu wa mjini walipowekwa peke yao katika kambi ya Waswahili hapa Biryogo, familia yake ilikuwa humo. Bibi alikuwa na kisanduku cha bati cha barua za baba yake, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Alipofariki, mjomba alizichoma zote. Hakufanya kwa dharau. Aliona jina la Allah juu ya kila barua akaogopa lisije likakanyagwa, akatia udhu, akazichoma uani kwa adabu kabisa. Hakuna hata mmoja kwetu aliyejua kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kutunza karatasi kama zile. Tungejuaje? Hatujawahi kuingia walipo.

Wenye uwezo nao wasicheke. Wapo ndugu zetu waliokwenda Dubai mara kumi kuchukua mali. Sharjah iko hapo jirani, na tangu mwaka 2008 ina makumbusho ya ustaarabu wa Kiislamu ndani ya jengo lililokuwa soko. Doha nako, mwaka huo huo, walifungua makumbusho ya sanaa za Kiislamu. Ukiwauliza, wanakutajia bei ya kontena.

Kwa hiyo kikao kijacho nitasimama tena, pazia au si pazia. Wakikataa, sitangoja basi la madrasa. Jumamosi ya kwanza ya likizo natoka Nyabugogo asubuhi mapema na wanangu wawili na binti wa jirani, tunakwenda Huye. Tukifika nitamuuliza anayetembeza wageni: sisi watu wa Biryogo mmetuweka chumba gani? Kama hatumo, nitauliza tulete nini. Nimekata tiketi tano, na moja bado haina mtu. Nimemwambia mzee wa kamati kuwa ni yake akiitaka.