Urithi Ufundishwe kwa Maharage

Mwezi huu tunasema kwamba somo la biolojia katika shule za sekondari lisiishie ubaoni. Chukueni ugonjwa wa selimundu. Chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali na upungufu wa damu. Mwanafunzi wa Laela hukariri kwamba baba na mama wazima, wote wawili wakiwa wamebeba kinasaba chake, huweza kupata mtoto mgonjwa mmoja kati ya wanne. Basi anaweza kudhani kuwa akishazaliwa mmoja mgonjwa, watatu watakaofuata watakuwa salama. Sivyo.

Maabara zikikosekana, maharage hayakosekani Ufipa. Mwalimu achukue makopo mawili, moja la baba, jingine la mama. Kila kopo atie punje 50 nyekundu na 50 nyeupe, za ukubwa sawa. Nyekundu ni kinasaba cha kawaida, nyeupe ni cha selimundu. Mwanafunzi achote punje moja kila kopo bila kutazama, aandike, azirudishe na kutikisa. Arudie mara 100. Nyeupe mbili, yaani mtoto mgonjwa, zitatokea karibu mara 25. Lakini huenda zikafuatana mara mbili, hata tatu. Hapo ataelewa kwamba kila mimba ni kuchota upya.

Ataona pia kwamba punje moja hutoka kwa baba na moja kwa mama. Kumlaumu mama peke yake, au kumtafuta mchawi, ni kuwaonea watu.

Wako watakaosema huu ni mchezo unaopoteza muda wa mtihani. Gregor Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, alihesabu njegere za bustani ya monasteri yake huko Brno, akachapisha matokeo mwaka 1866. Elimu ya urithi imejengwa juu ya hesabu hiyo. Wanafunzi wakigawanywa makundi, kipindi kimoja kinatosha.

Hata hivyo, wasichomane sindano kupimana damu. Hiyo ni kazi ya hospitali, na vijana wanaotaka kuoana waende huko wakapimwe mapema. Wala mwanafunzi mwenye selimundu asisimamishwe mbele ya wenzake kuwa mfano. Maharage yanatosha.