Usianike anwani za kerneli

Leo naingia kidogo kwenye vyumba vya ndani vya Linux, lakini msitoroke, nitaeleza taratibu.

Kerneli ni programu kuu inayosimamia tarakilishi nzima. Tukitafuta hitilafu ndani yake, tunaiagiza iandike ujumbe kwa printk, na mara nyingi tunataka ituonyeshe anwani, yaani kitu fulani kimekaa wapi kwenye kumbukumbu ya mashine. Kwa miaka mingi alama ya %p ilitoa anwani hiyo wazi kabisa.

Kuna ubaya gani? Tangu toleo la 3.14 la mwaka wa 2014, kerneli kwenye mashine za x86 inaweza kujipakia mahali tofauti kila unapowasha, ili mdukuzi asijue pa kulenga. Kinga hiyo inaitwa KASLR. Lakini msimbo wa kerneli huhama wote kwa umbali mmoja. Mdukuzi mwenye nakala ya kerneli kama yako akiona kwenye logi anwani ya fanksheni moja tu, anapiga hesabu ya kutoa na kujua zingine ziko wapi. Kikulacho ki nguoni mwako: siri imetobolewa na ujumbe tuliouandika wenyewe.

Mwaka wa 2011 ilikuja %pK, inayoficha anwani kulingana na mpangilio wa kptr_restrict. Wazo zuri, ila lilimtegemea mwandishi akumbuke kuongeza hiyo K. Kufikia 2017 bado kulikuwa na takriban sehemu 14,000 zenye %p tupu.

Ndipo toleo la 4.15, Januari 2018, likageuza mambo. Sasa %p hupitisha anwani kwenye hesabu ya SipHash kwa ufunguo wa siri unaobadilika kila mashine inapowaka. Anwani ile ile hutoa namba ile ile hadi uwashe tena, kwa hiyo bado unatambua kama mistari miwili inazungumzia kitu kimoja. Anayetaka anwani halisi sharti aandike %px.

Wapo wanaolalamika kwamba kazi imekuwa ngumu. Nawaelewa, ukitumia gdb unahitaji anwani kamili. Lakini tangu toleo la 5.12 la mwaka wa 2021 unaweza kuwasha mashine yako ya majaribio kwa no_hash_pointers, ukaona kila kitu. Mashine ya majaribio ni yako. Ya mteja si yako.

Msimamo wangu ni huu: mpangilio wa kawaida umlinde asiyejua. Mwenye seva ikimharibikia hunakili dmesg yote na kumtumia yeyote anayeahidi msaada. Wewe uliyeandika ule ujumbe hutakuwepo kumwonya.

Kwa hiyo kabla ya %px, jiulize unatafuta nini hasa. Ukitaka kujua ni fanksheni gani, %pS itakupa jina lake na umbali ndani yake. Ukitaka kutofautisha vitu, vipe namba zako mwenyewe.

Nikipitia msimbo wa mwenzangu nikakuta %px, naomba sababu kwa maandishi. Akijibu kwamba alikuwa anajaribu tu, basi jaribio limekwisha. Mstari uondoke.