Mikono Iliyopasuka si Aibu ya Mtu, ni Jambo la Kazi



Kila mkutano twazungumza habari za mshahara na saa za ziada, na ni haki yetu. Lakini mikono inayoupata mshahara huo hatuitaji mpaka imekwisha kuharibika. Leo nataka niseme juu ya mikono.

Mimi nakaa Ndia Kuu, Mji wa Kale. Jirani yangu mmoja ni mfanya kazi mwenzangu wa reli, nasi tulizoea kula pamoja jioni barazani, watu watano sinia moja. Mwaka uliopita viganja vyake vilianza kumwasha. Kisha ngozi ikawa nyeusi na ngumu, ikapasuka baina ya vidole na kutoa maji. Jioni moja alipotia mkono katika sinia, mimi nikasema nimeshiba. Sikuwa nimeshiba. Wengine nao wakanawa. Tangu siku ile akawa akila peke yake, na kazini vilevile, nyuma ya behewa. Naandika haya kwa sababu mimi ndiye niliyeanza.

Katika shule ya misheni tulisomewa habari za wakoma waliosimama mbali na watu, nasi watoto tukadhani kila ngozi iliyoharibika ni ukoma. Ujinga ule nimekua nao. Tena hata ukoma wenyewe siku hizi huponywa kwa vidonge, na mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa haambukizi watu.

Ugonjwa wa jirani yangu ni ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi. Hauambukizi: si kwa kushikana mikono, si kwa kula sinia moja. Si uchafu, wala si kurogwa. Tazameni nyumba zetu za Mji wa Kale. Chokaa ya ukuta ikibanduka, mvua na chumvi ya bahari huingia katika mawe na kuyala. Ngozi ni hivyo hivyo. Ikidhoofika, unyevu wa ndani hutoka, na vitu vikali vya nje huingia. Mwili hupigana navyo, ndipo huja mwasho na uvimbe. Wengine huzaliwa na ngozi dhaifu, na mara nyingi ni watu wa ukoo wenye pumu ya kifua. Wengine ngozi yao huharibiwa na kazi: dizeli, grisi, saruji mbichi, sabuni kali, na kushinda na mikono majini.

Jirani yangu alipoona watu wamemkimbia, alidhani labda yeye ni mchafu. Basi akazidi kunawa. Na pale kazini twanawa na nini? Mafuta ya taa, kisha sabuni ya unga. Grisi hutoka kweli, lakini na mafuta ya ngozi hutoka pamoja nayo. Kwa hiyo alivyozidi kuona aibu ndivyo alivyozidi kunawa, na alivyozidi kunawa ndivyo alivyozidi kuumia. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alificha kwa sababu sisi tulimfanya afiche.

Mwisho alikwenda kwa daktari. Aliulizwa maswali mawili tu: unanawa na nini, na wakati wa likizo hali ikoje? Akajibu kwamba akiwa likizo mikono hupata nafuu. Daktari akasema, hiyo ndiyo alama kubwa kwamba maradhi yanatoka kazini.

Mafundisho aliyopewa nawapa na ninyi. Acha kabisa kunawa kwa mafuta ya taa au petroli. Futa grisi kwanza kwa kitambaa safi, kisha nawa kwa sabuni isiyo kali na maji yasiyo ya moto. Jikaushe bila kusugua, na mara hiyo hiyo, mikono ikiwa bado na unyevu, paka mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato. Rudia kila unaponawa. Kata kucha, maana kukuna huongeza jeraha. Glavu za mpira zivaliwe juu ya glavu za pamba, na zikilowa ndani zibadilishwe. Dawa ya kupaka itoke kwa daktari. Msinunue vichupa vya njiani visivyo na maelezo, kwani vingine vina dawa kali ambayo ikitumiwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba. Ukiona usaha au ukipata homa, nenda hospitali usingoje.

Lakini ndugu zangu, mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi ikiwa kesho mtu anarudi kwenye pipa lile lile la mafuta ya taa. Saruji ina kitu kiitwacho kromiamu, ambacho huwaletea mafundi ukurutu mbaya. Nchi ya Denmaki ilitoa sheria, na tangu mwaka 1983 saruji ya huko hutiwa chumvi ya chuma ili kuipunguza sumu hiyo. Maradhi hayo yakapungua kwa wajenzi. Mikono ya watu ilikuwa ni ile ile. Kilichobadilishwa ni saruji.

Na sisi tunayo sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga, pamoja na glavu, kwa wanaoshika vitu vya kudhuru, na mahali pa kunawa penye sabuni. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, yahesabu maradhi yatokanayo na kazi, si ajali tu.

Basi maoni yangu ni haya. Kila tawi lidai sabuni ya mikono, maji safi na glavu, kwa barua, si kwa maneno ya mdomo. Kila mwenye mikono iliyopasuka amwone mwakilishi wa chama na jambo lake liandikwe, na asiachishwe kazi kwa uvumi kwamba ana maradhi ya kuambukiza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mikono ya jirani yangu haijapona kabisa, maana ukurutu una desturi ya kurudi. Lakini nimekwenda kwake nikamtaka radhi, na barazani sasa tu watu watano tena.

Wasalaam,
Mfanya kazi wa reli, Ndia Kuu, Mombasa