Mtoto aliyewekewa mrija wa kupumulia: msikilize koo

Sehemu ya mkopo wa UVIKO-19, ile shilingi trilioni 1.3 ya mwaka 2021, ilijenga majengo ya dharura na wodi za wagonjwa mahututi katika hospitali nyingi za Tanzania. Ni jambo jema. Lakini kadiri huduma hizi zinavyosambaa, ndivyo watoto wengi zaidi wanavyowekewa mrija wa kupumulia, na ufuatiliaji wa koo zao baada ya kurudi nyumbani, kwa maoni yangu, umebaki nyuma ya mashine.

Mama, mrija huo hupita katikati ya nyuzi za sauti hadi kwenye bomba la hewa. Wa kichanga aliyetimiza miezi una upana wa milimita 3 hadi 3.5 tu. Mtoto akiwa amezidiwa hakuna muda wa kuchaguachagua, na pengine daktari hujaribu mara mbili tatu. Mrija ukikaza au ukikaa siku nyingi, hukandamiza utando laini wa ndani, damu haifiki vizuri, panatoka kidonda, kisha kovu. Chini kidogo ya nyuzi za sauti kuna pete ya gegedu isiyotanuka. Hapo hata uvimbe wa milimita moja ni mkubwa kwa mtoto mchanga.

Usikatae mrija kwa sababu hiyo. Bila hewa hakuna koo la kuponya.

Sauti kukwaruza siku moja mbili baada ya mrija kutolewa ni kawaida. Kovu huja polepole, hata wiki kadhaa baadaye, na mara nyingi mtoto huandikiwa dawa ya pumu. Msikilize vizuri: pumu hupiga mluzi zaidi anapotoa hewa. Koo likibana, mkoromo husikika anapovuta hewa, na huzidi akilia au akinyonya.

Kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya au midomo ikiwa ya bluu, usisubiri siku ya kliniki. Nenda hospitali usiku huohuo.

Kabla ya kuruhusiwa, omba waandike kwenye fomu: mrija namba ngapi, ulikaa siku ngapi, ulijaribiwa mara ngapi. Madaktari bingwa wa masikio, pua na koo wako zaidi kwenye hospitali kubwa za mijini, na ukipewa rufaa huko, hayo ndiyo watakayokuuliza kwanza.