Simu ya "Bure" Ina Bei Yake
Vijana wetu wanaokwenda kusoma Ujerumani hulakiwa na matangazo ya simu za "bure". Tunawaasa wasizipapatikie. Bei yake imefichwa ndani ya mkataba, ambao sheria ya huko huruhusu udumu hadi miezi 24. Ni kweli kwamba tangu Desemba 2021, muda huo wa kwanza ukiisha, mteja aweza kujitoa kwa notisi ya mwezi mmoja. Lakini miezi 24 ni mingi mno kwa mgeni asiyejua hata atakapolala muhula ujao. Hivyo basi, heri aanze na laini ya kulipa kabla ya kutumia, ambayo husajiliwa kwa pasipoti. Uhuru wa mfuko nao ni uhuru.