Daftari la Wiki: Wa Kuzungumza Naye

Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, baada ya sala ya alasiri. Muuza kahawa anamimina kutoka kwenye dele, vikombe vinazunguka, na habari ya siku inachambuliwa kwa sauti ya juu. Akatokea mtu asiyejulikana pale, na begi la ofisini begani. Hakuna aliyemkonyeza mwenzake, lakini ghafla tukawa tunazungumza mpira. Alipokata kona kuelekea Sokomuhogo, siasa ikaendelea pale ilipoachwa.

Hakuna aliyeuliza yule bwana ni wa chama gani. Kilichowashughulisha watu ni maneno yao yangefika wapi. Kwenye baraza hilohilo hukaa mzee wa CCM, peke yake kati ya wapinzani, na kila jioni hubanwa kwa hoja mpaka anapandisha sauti. Akikosekana siku mbili, mtoto hutumwa nyumbani kwake kumjulia hali.

*

Machi 2019 kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, alihama CUF na kujiunga na ACT-Wazalendo. Matawi mengi ya Unguja na Pemba yakapakwa rangi upya, bendera zikashushwa nyingine zikapandishwa. Waliokaa pale walibaki walewale, kwenye viti vilevile. Ndiyo maana siamini kwamba mtu hutafuta kwanza chama, kisha wenzake. Mara nyingi wenzake wapo tangu zamani, na chama huingia kupitia kwao.

*

Wazee wanaozikumbuka zama za siasa, tangu uchaguzi wa 1957 hadi Mapinduzi ya Januari 1964, wakianza kusimulia hushusha sauti hata leo. Wafuasi wa vyama vya Hizbu na Afro-Shirazi waliacha kukaa pamoja kwenye kahawa. Wakasusiana maduka, hata mazishi. Juni 1961, katika ghasia za uchaguzi, watu 68 waliuawa. Baada ya uchaguzi wa 1995 Pemba ilirudia kususiana huko: jirani hanunui kwa jirani, harusi haihudhuriwi.

Kwa hiyo nauthamini sana mkutano wa Ikulu wa 5 Novemba 2009, Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume alipokaa na Maalim Seif. Karibu miezi tisa baadaye, 31 Julai 2010, zaidi ya asilimia 66 ya wapiga kura waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Kati yao wapo waliokuwa hawajazungumza siasa na mtu wa upande wa pili kwa miaka. Kufutwa kwa uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 kuliwarudisha watu kwenye kona zao, na hilo bado linanisikitisha.

*

Anayedhani wanawake hawazungumzi siasa kwa kuwa hawaonekani barazani, basi hajui yanayosemwa wakati wa kusukana nywele. Pale anayesema na anayesikiliza hawatazamani usoni, na mambo mazito hutoka kwa urahisi.

*

Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wetu siasa ni marufuku; zipo dua, pole na picha za watoto. Usiku ndugu wawili au watatu hutumiana video za mikutano ya hadhara faraghani. Wamechaguana bila kutangaziana, na kila mmoja anajua nani hakuchaguliwa.

*

Nairobi, bustani ya Jeevanjee, Bunge la Mwananchi hukutanisha watu, wengine wasiojuana hata majina. Wanasimama duara na kubishana waziwazi, na kila mtu anakwenda zake. Mgeni kamili hana la kukufanya, na ndugu wa damu hatakudhuru. Tunaowakwepa ni wale wa katikati: mwenye nyumba, mkubwa wa kazi, mwenzako wa meza ya pili anayeweza kupeleka maneno juu. Hao ndio tunaoshinda nao mchana kutwa. Watu wawili wanaweza kugawana chai ya saa nne kwa miaka kumi, na siku ya matokeo ya uchaguzi wakaulizana habari za mvua. Waliowafikisha hapo ni wale waliofanya kura ya mtu kuwa sababu ya kumnyima cheo.