Wanafunzi wanaogongwa kichwa wasirejeshwe uwanjani kiholela

MWANAFUNZI anagongana na mwenzake katika mechi ya raga, anaanguka, kisha anainuka akipepesuka. Anamwagiwa maji kichwani, mashabiki wanamshangilia, naye anarejea mchezoni. Kwa wengi huo ni ushujaa. Kwa madaktari wa ubongo huo ni mchezo wa pata potea, na kinachowekwa rehani ni ubongo ambao haujakomaa.

Mtikisiko wa ubongo hutokea kichwa kinapogongwa, au mwili unaposukumwa kwa kishindo hadi ubongo ukayumba ndani ya fuvu. Si lazima mtu azirai. Wengi wa waathiriwa hawapotezi fahamu kamwe. Hata picha za skani aghalabu hazionyeshi kasoro, kwa kuwa hitilafu imo katika utendaji wa ubongo wala si katika umbo lake. Hapo ndipo penye utata. Mtoto anaonekana mzima, ilhali kichwa kinamuuma, mwangaza unamkera, usingizi umemruka, anasahau alichosoma jana na anakasirika ovyo.

Watu wazima wengi hupata nafuu kwa takriban wiki mbili. Watoto na vijana huhitaji hadi wiki nne, na baadhi yao miezi.

Hatari kubwa zaidi ni pigo la pili kabla la kwanza halijapona. Nchini Canada, Rowan Stringer, nahodha wa timu ya raga ya wasichana shuleni mwake jijini Ottawa, alifariki Mei 2013 akiwa na umri wa miaka 17. Uchunguzi ulibainisha kuwa alikuwa amegongwa kichwa siku chache kabla ya mechi yake ya mwisho, akatafuta habari za dalili zake kwenye intaneti na kuwadokezea marafiki, lakini wazazi hawakujua. Mkoa wa Ontario ulipitisha sheria yenye jina lake mnamo 2018.

Jimbo la Washington, Marekani, lilikuwa limetangulia mnamo 2009, baada ya Zackery Lystedt, mwenye umri wa miaka 13, kurejeshwa uwanjani akiwa ameumia mwaka 2006 na kupata jeraha baya la ubongo. Sheria hiyo inaagiza mchezaji mchanga anayeshukiwa kuumia aondolewe papo hapo, wala asirudi bila idhini ya maandishi ya mtaalamu wa afya. Kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za aina hiyo. Uingereza nayo, katika mwongozo wa 2023, inataka zipite siku zisizopungua 21 kabla ya mechi nyingine.

Hapa Kenya, Sheria ya Michezo ya 2013 imejishughulisha zaidi na usajili wa mashirika, usimamizi na mizozo. Kanuni za World Rugby zinataka mchezaji anayeshukiwa kuumia aondolewe, lakini kanuni huhitaji mtu wa kuitekeleza. Katika viwanja vingi vya shule mtu huyo ni mwalimu wa somo jingine mwenye filimbi, na hamu ya kombe.

Jambo lisilozungumzwa sana ni darasa. Ushauri wa kale wa kumfungia majeruhi gizani umeachwa. Sasa wataalamu hupendekeza mapumziko ya siku moja au mbili, kisha masomo kidogo kidogo, na michezo mwishoni. Ratiba ya shule ya bweni hairuhusu anasa hiyo. Kengele hulia alfajiri, masomo ya ziada huendelea hadi usiku, na anayelalamikia kichwa hupewa tembe mbili za kutuliza maumivu, au huambiwa anajifanya. Anayetapika mara kwa mara, kupata kifafa au kusinzia kupita kiasi anastahili kukimbizwa hospitalini, si kupelekwa bwenini.

Mzazi aliye mbali hupata habari likizo inapowadia, wakati ambapo ripoti ya muhula imekwisha kuandikwa: ameshuka, aongeze bidii.